Bahari Isiyo na Maji

Sehemu ya kumi na nne

Tulieni. Tangu Jumamosi iliyopita mmenitumia ujumbe wa kila namna, wengine mkitaka Serafina amtupie mumewe nguo nje, wengine mkitaka amchape na kile kijitabu mpaka kichanike. Mwanamke huyu namfahamu kuliko nyinyi. Alikuwa bado amesimama pale pale mlangoni tulipomwacha, kijitabu cha watalii mkononi, akimtazama Telesphori aliyeegemea mito mitatu kitandani huku kifua kikipiga miluzi.

Mnajua alichokuwa amekiona. Kijitabu hicho Festo alikileta kutoka Mwanza ili baba yake mkubwa achague mahali pa kwenda Unguja, yeye na mkewe, kwa jubilei yao ya miaka ishirini na mitano ya ndoa. Zilikuwamo fukwe tele, msitu wenye kima wekundu, mapango, kisiwa cha kobe wakubwa kama meza. Na katika kila picha Telesphori alikuwa amezungushia kitu kwa kalamu nyekundu.

Hakuzungushia bahari wala minazi. Alizungushia wanawake!

"Baba Edson," Serafina alisema. "Daktari kasema kifua hicho hakimalizi mwaka. Padri kaja kukupaka mafuta. Na wewe umelala hapa unachagua wanawake wa pwani?"

"Leta hicho kitabu."

"Sileti! Nijibu kwanza. Huyu wa Kendwa mwenye kanga ya njano ni nani? Huyu anayeuza madafu Nungwi? Na huyu hapa kageuka, hata uso hauonekani, bado umemzungushia!"

"Huyo ndiye niliyemtazama sana," Telesphori alisema polepole. "Shingo yake."

Miaka ishirini na mitano Serafina hakuwahi kumrushia mumewe hata kijiko. Siku hiyo alikirusha kijitabu kwa nguvu zake zote, kikampiga mgonjwa kifuani.

Telesphori akaanza kukohoa. Si kikohozi cha mafua hicho. Mtu huyu alisimama miaka kumi na tisa mbele ya karasha kule Geita, akisaga mawe ya dhahabu bila hata kitambaa puani, na vumbi lile lote lilikuwa bado limo ndani. Uso ukamgeuka rangi. Hasira za Serafina ziliisha hapo hapo, akakimbilia beseni, akamshika mgongo, akamwomba msamaha kwa Kiswahili na kwa Kisumbwa.

Pumzi iliporudi, Telesphori alifuta mdomo, akamshika mkewe mkono.

"Namtafuta Jenifa," alisema.

Serafina akakaa sakafuni.

Jina hilo halikuwa limetamkwa ndani ya nyumba ile kwa miaka sita.

Kwa aliyeanza kutusoma leo: Jenifa ni binti yao wa kwanza. Alisomea mambo ya hoteli pale Shinyanga, akapelekwa Unguja kwa mazoezi ya kazi, na mwezi wa nane akapiga simu. Alisema amepata mchumba, ni Mwislamu, ni mtu mwema, naye anaomba baraka za baba yake. Telesphori wakati huo alikuwa mwenyekiti wa kigango. Alijibu kwa maneno sita tu: "Mimi sina mtoto wa jina hilo." Kisha akatoa laini kwenye simu, akaivunja kwa meno.

Kuanzia siku hiyo ukimwita Baba Jenifa haitiki. Ilibidi Ushirombo nzima ijifunze kumwita Baba Edson kwa jina la mtoto wa pili. Serafina naye akajifunza. Hilo ndilo lililomuuma kuliko yote, kwamba alijifunza, na tena kwa haraka.

"Nimeanza kuisahau sura yake, Mama Edson," Telesphori alisema. "Ndiyo maana nawazungushia wote. Nasema labda huyu, labda yule. Kama ningekuwa na ile picha..."

Hapo Serafina alisimama. Alikwenda ukutani kwenye picha ya Bikira Maria, akaigeuza, akachomoa kitu kilichokuwa kimebanwa nyuma ya kadibodi.

"Uliniambia niichome," alisema. "Nikakwambia nimeichoma. Nilikudanganya."

Telesphori aliipokea picha kwa mikono miwili.

Picha hiyo ililetwa na dereva wa lori la pamba, mwaka mmoja baada ya ile simu. Jenifa amesimama peke yake, kanga kiunoni, anacheka. Miguuni kwake ni tope tupu, tambarare, linaenda mpaka mwisho wa macho. Nyuma yake ni vijiti vimechomekwa kwa mistari iliyonyooka. Huku nyuma ya picha aliandika: *Baba na Mama, hii ndiyo bahari yangu. Siku mkinisamehe njooni niwaoneshe.*

Siku ile Telesphori aliisoma nje ya kigango, ibada imetoka, watu wamejaa. Naye maji anayajua. Ujana wake aliogelea ziwani kule Chato, na ziwa ukiliacha jioni asubuhi unalikuta pale pale. Mashamba ya mpunga pia anayajua.

"Bahari gani haina maji?" aliwauliza watu. "Hili si jaruba la mpunga lililokwisha vunwa? Mtoto huyu hata Unguja hayupo. Yuko analima vibarua kwa watu, na bado anatudanganya!"

Watu walicheka. Serafina alikuwepo, alikuwa amebeba kikapu cha sadaka. Halafu Telesphori akamgeukia dereva, akampa ujumbe wa kurudisha: "Mwambie bahari yake nimeiona. Imekauka kama maneno yake."

Dereva alikuwa mtu mwaminifu. Ujumbe aliufikisha.

"Sasa nimemsamehe," Telesphori alisema, kidole kikipita juu ya picha. "Hata huo uongo wa bahari nimemsamehe. Alikuwa anaona haya, mtoto wa watu, anataka tumwone ana maisha. Tutaenda Nungwi. Kitabu kinasema Nungwi maji yapo siku zote, na hoteli ziko huko. Aliyesomea hoteli atakuwa wapi tena? Nitakaa kwenye kiti, nitatazama kila anayepita."

"Na kama hapiti?"

"Atapita."

"Hodi humu ndani!"

Alikuwa Festo, mtoto wa mdogo wake Telesphori, kijana wa tiketi za mabasi. Nyuma yake aliinama mlangoni mtu mrefu mwenye kofia iliyodariziwa. Huyo ni Masudi, anayeuza vitenge na udi pale sokoni Ushirombo, mzaliwa wa Unguja, mwaka wa tisa sasa bara.

"Shikamoo baba mkubwa. Shikamoo mama mkubwa," Festo alisema kwa haraka. "Mwenye nyumba ya wageni anataka jibu leo kabla ya alasiri. Na daktari kasisitiza, ni sehemu moja tu. Mkifika mmefika. Hakuna kuzunguka na mgonjwa leo kwenye kobe, kesho kwenye msitu. Nimemleta Masudi atusaidie kuchagua."

"Poleni na uguzi," Masudi alisema, akivuta kigoda. "Mzee, wewe sema unataka nini. Unataka mchanga mweupe? Unataka pomboo? Wapo Kizimkazi. Nyani unao wa kutosha huku kwenu, msitu wa Jozani usijisumbue."

"Tumeshachagua," Telesphori alisema. "Nungwi."

"Nungwi pazuri. Maji hayaendi mb..."

Masudi hakumaliza. Macho yake yalikuwa yameangukia picha iliyokuwa juu ya blanketi. Aliiokota bila kuomba ruhusa.

"Nani huyu kasimama pwani kwetu?"

Serafina na Telesphori walitazamana.

"Pwani gani?" Telesphori aliuliza. "Hilo ni jaruba la mpunga."

"Jaruba!" Masudi akacheka cheko la mtu asiyejua anakanyaga wapi. "Mzee wangu, hii bahari. Hapa maji yametoka."

"Yametoka yamekwenda wapi?"

"Yamekupwa. Kwani huku hamsikii? Bahari si ziwa, bwana. Mara mbili kila siku inatoka, mara mbili inarudi. Pwani ya mashariki, siku za bamvua, inakwenda mbali mpaka huioni. Wanawake wanashuka chini, wanafanya kazi palepale yalipokuwa maji. Hivi vijiti si mpunga. Ni mwani, unafungwa kwa kamba. Saa sita baadaye rudi na hiki kiti chako, utakuta samaki wanapita hapa alipoweka miguu."

Serafina alimtazama mumewe. Ningependa kuwaambia kwamba Telesphori alisema kitu kikubwa, lakini sivyo. Mdomo ulifunguka ukafungwa, kama mtu aliyesahau alichotumwa dukani.

"Rudia," alinong'ona.

Masudi akarudia, safari hii bila kucheka, maana alikuwa ameanza kuona nyuso za watu.

"Kwa hiyo alikuwa baharini."

"Ndiyo, mzee."

"Kwa hiyo hakusema uongo."

"Nani?"

Telesphori aliugeuza uso ukutani na mabega yakaanza kutikisika. Serafina alidhani ni kikohozi, akashika beseni. Hakikuwa kikohozi. Hakuwahi kumwona mwanamume huyu akilia, hata siku walipomtoa kaka yake kwenye duara, shimo la dhahabu, lililofukia watu watano. Sasa alilia kwa sauti, bila haya, mbele ya mgeni.

"Niliwachekesha watu!" alilia. "Mwanangu kaniambia kweli, mimi nimewachekesha watu! Mayu wane, mama yangu, niliwachekesha!"

Serafina alimkumbatia kichwa. Alitaka kumwambia hukujua, baba, sisi wote hatukujua. Akakumbuka kwamba yeye siku ile hakucheka, ila hakusema neno pia, alishika tu kikapu chake cha sadaka. Akalia naye.

Festo alikohoa kidogo, akachungulia saa.

"Samahani, baba mkubwa. Nimpe jibu gani yule mtu?"

"Pwani hii inaitwaje?" Telesphori alimuuliza Masudi.

Masudi aliipeleka picha dirishani. Pembeni kabisa, ukingoni mwa tope, palionekana ukuta mweupe wenye mnazi mmoja uliolala. "Jambiani. Mnazi huu naujua, nimeshaukwea nikiwa mdogo. Shangazi yangu nyumba yake ndiyo hii inayofuata."

"Basi tunaenda Jambiani."

"Baba mkubwa, subiri kwanza!" Festo aliruka. "Si umesikia mwenyewe? Huko maji yanakimbia! Wewe kutoka hapa mpaka chooni unapumzika mara mbili. Utayafuata mpaka wapi?"

"Kuna siku za maji mafu," Masudi alisema kwa upole. "Siku hizo hayatoki mbali. Tukihesabu mwezi vizuri, mzee atakaa kivulini na mawimbi yatamfuata."

"Hapana."

"Mzee?"

"Nataka siku yanapotoka mbali kabisa. Nataka nisimame kwenye tope hilo, pale aliposimama. Maji nimeyaona Chato." Akavuta hewa, akaongeza, "Festo, andika Jambiani. Nungwi futa. Kobe futa. Kila kitu futa."

Festo akafuta. Na mimi msimulizi nakiri, watu wanakwenda Unguja kwa ndege kutoka nchi ambazo sijui hata zilipo, ila sijasikia mwingine aliyechagua kwenda siku bahari haipo.

Telesphori sasa alikuwa amekaa bila mito. "Masudi, mwanangu, huyo shangazi yako ana simu?"

"Anayo."

"Muulize kama anamjua binti wa bara, jina lake Jenifa. Muulize tu kama yupo."

Ndani mtandao ulikuwa unakatakata. Masudi akatoka mpaka kwenye uzio wa bafu, Serafina nyuma yake akijifunga kitenge vizuri, kama vile huyo shangazi angemwona. Masudi alibonyeza sauti ya nje ili naye asikie.

Salamu za pwani ni ndefu. Habari za huko, za watoto, za biashara, za mvua. Serafina aliuma ncha ya kitenge akisubiri.

"Shangazi, kulikuwa na msichana hapo, wa bara, akifanya kazi ya mwani. Jenifa."

"Jeni?" sauti ya mwanamke mzee ilisema. "Jeni mke wa Haji? Nani anamuulizia?"

Serafina alishika uzio. Yupo! Anajulikana! Mungu wangu, yupo!

"Wazazi wake, shangazi. Niko na mama yake hapa."

Masudi aliitazama simu, akadhani imekatika.

"Masudi, ondoa sauti hiyo ya nje."

"Mama anasikia, shangazi."

"Basi mwambie akae chini," shangazi alisema. "Innalillahi. Jeni keshafariki, mwanangu. Mwaka wa pili huu. Alijifungua, damu ikamtoka haikukatika. Mtoto naye alimfuata mamake siku ya pili. Tumewazika pamoja. Namba ya baba yake alikuwa nayo, kaiandika ukutani jikoni. Tuliipiga wiki nzima, haikupatikana."

Serafina hakulia. Alikuwa anaiona ile laini katikati ya meno ya mumewe.

"Kuna maneno alipewa na dereva," aliuliza, na sauti aliisikia kama ya mtu mwingine. "Kuhusu bahari. Yalimfika?"

"Yalimfika, mama. Alilia siku mbili. Ya tatu akacheka, akasema baba yangu hajui kama maji hurudi, siku akijua atakuja." Shangazi akapenga kamasi. "Binti yangu mdogo ndiye aliyekuwa naye siku ile ya uchungu, walikuwa kama ndugu. Sasa yuko chini kwenye mwani. Akipanda nitamwambia awapigie, awaeleze yote. Poleni sana."

Simu ikakatika. Masudi alikuwa anafuta macho kwa kofia yake.

"Mama, tunamwambiaje mzee?"

Serafina alinyoosha kitenge, akafuta uso mara mbili ingawa ulikuwa mkavu. Aliingia ndani bila kujua atasema nini, na huo ni ukweli wake, msije mkasema alipanga.

Telesphori alikuwa amevaa shati jeupe la jubilei, Festo akimfunga kifungo cha shingo. Alikuwa amechana hata nywele. Macho yale ya kuzama yalimtazama Serafina kama bwana harusi anavyotazama mlango wa kanisa.

"Yupo?"

Masudi aliinamisha kichwa, akaketi kwenye kigoda, akaiweka simu kitandani karibu na goti la mgonjwa.

"Mama Jenifa," Telesphori alisema.

Miaka sita! Miaka sita hakumwita hivyo.

"Nakuuliza, Mama Jenifa. Mwanangu yupo?"

"Yupo," Serafina alisema. "Anakusubiri."

Telesphori akacheka. Kicheko kilitoka na miluzi, lakini kilikuwa kicheko, akampiga Festo begani, akamwambia aongeze tiketi ya kurudi, atarudi na mgeni. Serafina alisimama akitabasamu, kucha zimezama kwenye viganja. Siku nane tu zilibaki kabla ya safari. Alijiambia siku nane ni nyingi, huenda Mungu akamchukua mzee njiani na furaha yake, akajishtukia anamwombea mumewe kifo, akaliacha wazo hilo katikati.

Ndipo simu ya Masudi ilipolia.

Masudi alinyanyuka. Serafina alinyanyua mkono. Wote walichelewa, kwa sababu simu ilikuwa karibu na goti la Telesphori na kidole chake kilikuwa kimeshabonyeza, na sauti ya nje haikuwa imezimwa.

"Halo," Telesphori alisema. "Hapo ni Jambiani?"

Upepo ulivuma kwenye simu. Kisha ikaja sauti ya msichana, changa, anahema kama aliyepanda kutoka pwani mbio, na kama mtoto yeyote aliyelelewa vizuri akisikia sauti ya mzee, alitanguliza heshima.

"Shikamoo, baba."

Machozi yalimbubujika Telesphori mpaka kwenye shati jeupe. Aliishika simu kwa mikono miwili, akaileta karibu na mdomo.

"Marahaba, mwanangu," alisema. "Marahaba. Sema. Baba yako nakusikiliza."

Serafina alimwona Masudi akimtazama yeye, Festo akimtazama yeye. Mkono wake ulikuwa hewani, hatua moja kutoka kwenye simu ile, na haukwenda mbele wala haukurudi nyuma. Na huko Jambiani yule binti wa watu akameza mate, akajikusanya, ili aseme alichotumwa na mama yake kusema.